Uzito wa mtoto mwenye tatizo la moyo si kosa la mama

Uzito wa mtoto ukigoma kupanda, wa kwanza kulaumiwa ni mama: hanyonyeshi vizuri. Kumbe wakati mwingine shida ni moyo.

Moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri, mtoto anahema haraka, anatoka jasho na kuchoka kabla hajashiba. Tena mwili wake unataka chakula zaidi ya mwenzake mwenye afya.

Tanzania inao upasuaji wa moyo wa watoto, pale JKCI, Dar es Salaam. Lakini mtoto aliyekonda huingia chumba cha upasuaji na hatari kubwa zaidi.

Hivyo kunyonya kidogo kidogo kila baada ya saa 2 au 3, maziwa yaliyokamuliwa, hata mpira wa puani, nayo ni tiba. Kliniki ipime uzito, na moyo usikilizwe.