Si Kila Ajuaye Hesabu Ni Mhasibu

Kila matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatangazwapo, katika nyumba nyingi za Rukanga, chini ya mlima Kasigau, hukaliwa baraza ambalo mwenye kujadiliwa aghalabu hasemi neno. Mama huitazama alama ya hisabati, akaiona ni njema. Ami aliyefika kutoka Voi hunena kuwa kijana na asomee uhasibu, kwa kuwa hakuna afisi isiyo na mhasibu. Na kijana, kwa adabu ya kutoshindana na wakubwa, huinamisha kichwa, na kimya chake huhesabiwa kuwa ridhaa. Siwalaumu wazee hao, maana karo watakayoilipa hutoka katika mbuzi waliosalimika na ukame, na katika vyondo vilivyosukwa usiku baada ya kazi za shamba, wala hapana mzazi mwenye akili atakaye kuitupa. Hata hivyo, naitakidi kwamba swali lao silo. Wao huuliza kama kijana anajua hesabu. Lililowapasa kuuliza ni kama kijana aweza kuchukua amana.

Lugha yetu ililijua jambo hili zamani. Hesabu, daftari, faida, hasara, stakabadhi, dhamana na amana ni maneno tuliyoyapata kwa Waarabu, nayo yalistawi pwani pamoja na biashara. Misafara iliyotoka Mombasa, ikapita Maungu na Ndara kuelekea Taveta, aghalabu ilichukua nguo na shanga zilizotolewa kwa mkopo. Mwenye mali alibaki pwani, na mwenye kuichukua alitoweka nyikani kwa miezi mingi, na kilichowafunga wawili hao kilikuwa ni mstari katika daftari na imani ya kuwa mstari ule haukuandikwa kwa hila. Waislamu wanajua kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika Suratul Baqara, ni ya kuandikiana madeni, nayo humtaka mwandishi aandike kwa uadilifu. Na mtawa Luca Pacioli, aliyechapisha kitabu chake Venice mwaka 1494, alieleza desturi ya wafanyabiashara wa mji ule ya kuandika kila jambo mara mbili, upande wa kutoa na upande wa kupokea, ili kosa au uongo uliojificha upande mmoja ufichuliwe na upande wa pili. Basi tangu asili kazi hii ilikuwa ulinzi wa haki baina ya watu wasioonana, na kujumlisha kulikuwa chombo chake tu.

Atakayeingia leo katika mafunzo ya uhasibu ya CPA, kwa alama ya wastani isiyopungua C+, atakuta kwamba bodi ya mitihani ya KASNEB, iliyoasisiwa mwaka 1969, haikumwandalia tarakimu peke yake. Katika ngazi ya kwanza ya zile tatu atasoma sheria, uchumi na ustadi wa mawasiliano. Na mbele yake atasoma ukaguzi na kodi. Kijana apendaye hisabati kwa sababu jibu lake huwa moja, na ambaye husumbuka akitakiwa kusoma mkataba wa kurasa arubaini au kumweleza mtu kwa upole kwamba fedha zake zimekwisha, huenda akawa fundi bora wa uhandisi au mwalimu wa hisabati mwenye sifa. Katika uhasibu atakaa kama mgeni.

Tutazame jambo lililo mlangoni petu. Mwaka 2011 mradi wa kaboni wa Ukanda wa Kasigau ulikuwa wa kwanza duniani, miongoni mwa miradi ya kuhifadhi misitu isikatwe, kupewa hati za kaboni zilizothibitishwa kwa kanuni ya kimataifa ya VCS. Tangu wakati huo, fedha zilizotoka kwa wanunuzi wa hati hizo katika nchi za mbali zimelipa karo na kuleta maji, na kamati za wenyeji zimekaa kuamua zitumiweje. Kisha sheria ya Kenya ya mabadiliko ya tabianchi, iliyorekebishwa mwaka 2023, ikaagiza kwamba miradi ya ardhi itoe kwa jamii kila mwaka si chini ya asilimia 40 ya mapato yake. Kila mtu hapa aweza kuitamka asilimia hiyo. Mhasibu ndiye aulizaye, asilimia 40 ya nini? Ni ya fedha zote zilizoingia, au ya zilizosalia gharama zikiisha kutolewa? Na gharama hizo nani aliziandika, na stakabadhi zake ziko wapi? Maswali haya hayataki mtu wa kuzidisha na kugawanya kwa wepesi, bali mtu mwenye subira ya kusoma, ujasiri wa kuuliza mbele ya wakubwa, na insafu ya kukiri kwamba gharama ni halali inapokuwa halali.

Wako wasemao kwamba kompyuta itaiua kazi hii. Kazi ya kujumlisha imekwisha kuichukua, nami siisikitikii. Lakini mashine hujumlisha ilichopewa, wala haiendi ghalani kutazama kama magunia ya pojo yaliyoandikwa yamo.

Nasihi yangu, basi, ni nyepesi na haina gharama. Kabla mbuzi wa kwanza hajauzwa, kijana na apewe daftari la kikundi kwa mwaka mmoja: la wasusi wa vyondo, la chama cha akiba, au la kamati ya maji. Aandike kila shilingi, aulinganishe kila ujumbe wa M-Pesa na mstari wake, na mwisho wa mwezi asome mapato na matumizi mbele ya wote. Itakuja siku hesabu itapungua kwa shilingi 50. Akirudi ukurasa wa kwanza na kuitafuta hata kandili ikaishiwa na mafuta, yumo njiani. Akitoa 50 mfukoni mwake ili maneno yaishe, wengi watamsifu kwa ukarimu, lakini mimi nitahofu, kwa maana amelifunika kosa badala ya kulifahamu, na leo amelifunika kwa fedha yake, kesho huenda akalifunika kwa fedha ya mwingine. Tena itakuja siku nyingine iliyo nzito zaidi, ambapo upungufu utaelekea kwa mweka hazina, naye ni shangazi yake aliyemlea. Siku hiyo hatatakiwa amfedheheshe. Atatakiwa amwendee kwa heshima, amwonyeshe mstari, amsikilize, kisha aandike ilivyo kweli. Awezaye hayo na asikose usingizi, huyo uhasibu umemchagua.

Na yule ambaye mwaka umemchosha, aliyeona kila ukurasa ni mzigo na kila swali ni ugomvi, asione haya kulirudisha daftari na kusema kwamba kazi hii si yake. Ameijua nafsi yake kwa bei ya daftari moja, ilhali wengine huijua baada ya miaka mitano na mifugo ya ukoo mzima.

Nawasihi wazee wa Rukanga na wa Taita yote, barazani mwakani, mkiisha kuitazama ile alama ya hisabati, mumwambie kijana alilete daftari na aketi kando. Lifungueni bila yeye kueleza. Ikiwa kila mwenye haki ataiona haki yake kwa kusoma tu, uzeni mbuzi.