Mtoto Aliyejaa Maji na Wajibu wa Taifa

Wapo watoto wanaozaliwa wakiwa wamevimba kwa maji: chini ya ngozi, tumboni, na kuzunguka mapafu na moyo. Hali hiyo humpata mtoto angali tumboni mwa mama. Wako wanaoiita laana. Si laana, wala si mkosi wa mama. Ni maradhi yenye sababu, zikiwemo kaswende isiyotibiwa, kutopatana kwa damu ya mama na ya mtoto, na kasoro za moyo.

Daktari ndiye anayeongoza tiba ya mtoto huyo, lakini saa baada ya saa uhai wake umo mikononi mwa muuguzi. Muuguzi humpa joto, huhesabu pumzi zake na kuangalia hewa anayosaidiwa kuvuta. Humpima uzito na mkojo ili ajulikane kama maji yanapungua. Humgeuza taratibu, kwa kuwa ngozi iliyovutika huchubuka upesi. Naye ndiye anayemweleza mama ukweli bila kumvunja moyo.

Kazi hiyo haiwezi kufanywa na muuguzi mmoja aliyekabidhiwa wodi nzima usiku kucha. Kumlaumu muuguzi huyo mtoto anapofariki, ilhali hakupewa mwenzake wala vifaa, ni kukwepa wajibu. Wanaopanga watumishi na bajeti za hospitali hawana budi kulikumbuka hilo.

Hata hivyo, ushindi mkubwa hupatikana kliniki. Kaswende hugunduliwa kwa kipimo cha damu na hutibiwa kwa sindano ya penisilini. Mama mwenye damu ya Resus hasi anaweza kukingwa kwa sindano ya anti-D, iliyoanza kutumika mwaka 1968; mtoto akizaliwa na damu ya Resus chanya, sindano hiyo hutolewa katika saa 72. Kinga hiyo haina faida ikiwa haipo zahanati siku inapohitajika.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilionyesha kwamba wananchi wakielimishwa hujikinga wenyewe. Moyo huo unatakiwa leo. Mjamzito ahudhurie kliniki mapema, mumewe aandamane naye, na wote wawili wapimwe. Viongozi wa vijiji na mitaa walihimize jambo hilo katika kila mkutano.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu unajulikana, na udongo wa kuuziba upo.