Mkasi wa Kompyuta na Mkono wa Fundi

Kila mshonaji ajua kwamba nguo huweza kuharibika mezani kabla haijafika cherehani. Kitambaa kilichokatwa kombo hakirudi kuwa kizima. Katika kiwanda cha sare, ambamo tabaka nyingi hukatwa kwa pamoja, kosa moja la mkono huwa kosa la suruali nyingi. Vipande vya ukingoni navyo, haba na haba, hujaza kibaba cha hasara.

Aliyeleta dawa ya maradhi hayo ni Joseph Gerber, mzaliwa wa Vienna, aliyekimbilia Marekani mwaka 1940 baada ya Wanazi kuitwaa nchi yake ya Austria. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni yake, iliyokuwa katika jimbo la Connecticut, ilitoa mashine ya kukata vitambaa inayoongozwa na kompyuta.

Vitambaa hutandazwa tabaka juu ya tabaka, vikafunikwa kwa plastiki. Pampu huvuta hewa kutoka chini, navyo hubanana vikawa kama ubao mmoja. Hapo kisu chembamba, kinachopanda na kushuka mithili ya sindano ya cherehani, hufuata njia iliyoandikwa kwa tarakimu. Kabla ya kukata, programu ya kompyuta hupanga mikono, kola na mifuko ili mabaki yawe machache.

Je, fundi amekwisha kazi? Mshika mkasi wa kiwandani ndiye aliyeguswa kwanza, wala hapana haja ya kumficha ukweli huo. Lakini kushona ni jambo jingine. Bati hukaa lilipowekwa, ilhali kitambaa hujikunja, hunyooka na kuteleza. Ndiyo maana hata leo sehemu kubwa ya nguo duniani hupita katika mikono ya washonaji, walio wengi wanawake.

Basi mama wa kambini mwenye cherehani yake asiiuze kwa hofu. Yampasa kuongeza elimu: apime kwa makini, achore kila kipande kwenye karatasi kabla ya kukata, na awafundishe wanawe hesabu za vipimo. Tarakimu hizo hizo ndizo zinazoendesha kisu cha kiwandani. Mashine haijui kiuno cha askari mpaka mtu amekipima; na aliyekipima vibaya, kompyuta itamkatia vibaya, tena kwa haraka.