Watoto wa mwaloni nao wafikiriwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu mikopo ya elimu ya juu, ambayo huombwa kwa mtandao.

Kijana wa Capri Point, Mwanza, hujaza fomu sebuleni, kaka aliyesoma chuo akimwelekeza. Binti wa kidato cha sita anayeanika dagaa mwaloni Ukerewe hana wa kumwuliza. Minara ipo, sikatai. Lakini simu-janja nyumbani ni moja, nayo usiku huenda ziwani na baba. Basi humlipa mwenye steshenari amjazie, hata neno la siri akabaki nalo! Kosa likiingia, binti hulijua majina yakitoka.

Naiomba Bodi ya Mikopo, wakati wa maombi, ipeleke kompyuta na waelekezaji hadi Ukara na Irugwa.

Mzazi,
Kirumba, Mwanza.