Staa Anajisifia GHz 5, Wewe Unataka Kukopa: Tuongee Ukweli wa Kuovakloki

Kuna staa mmoja wa gemu hapa Dar, jina silitaji maana mnamjua na mashabiki wake wana hasira za karibu. Juzi kati alitupia video ya kompyuta yake. Taa za rangi kila kona, maji yanazunguka kwenye mirija, na kwenye kioo namba kubwa: 5.0 GHz. Chini akaandika maneno ya kejeli kwa wote wanaotumia prosesa kama ilivyotoka dukani. Tangu siku hiyo simu yangu haipumui. Madogo wanauliza kitu kilekile: prosesa gani ya bei chee naweza kuiovakloki mpaka ifike pale?

Mmoja ndiye kanisukuma niandike. Anatengeneza biti chumbani kwake Mbagala, kakusanya laki saba kwa miezi kadhaa, na anataka kuitupa karibu yote kwenye prosesa ya Intel yenye herufi K mwishoni. RAM atabaki na kijiti kimoja cha GB 8. Yaani anunue injini ya basi aifunge kwenye bajaji.

Nisikilizeni wadau. Kwa mwenye hela ya mawazo, kununua prosesa kwa sababu tu inaovaklokika ni biashara mbovu siku hizi. Nasema siku hizi, kwa sababu zamani ilikuwa dili la kweli.

Mwaka 1998 Intel walitoa Celeron 300A, chipu ya wanyonge, MHz 300 tu. Watu wakagundua ukibadilisha kasi ya basi ya mfumo kutoka MHz 66 kwenda 100, chipu inakimbia MHz 450, na kwenye gemu inasimama bega kwa bega na Pentium II ya bei kali. Nusu nzima ya kasi, bure. Mwaka 2014 wakaja na Pentium G3258, kori mbili, GHz 3.2, dola 72, na wakaiacha bila kufuli. Wengi waliifikisha GHz 4.2 na kuendelea. Mafundi wazee mnaowasikia wakisifia kuovakloki wanatoka enzi hizo, na hawadanganyi.

Kilichobadilika ni kwamba kiwanda nacho kimeamka. Prosesa ya sasa inajipima joto na umeme, halafu inajipandisha yenyewe. Chukua Ryzen 5 5600 ya AMD, iliyotoka 2022 kwa dola 199, kori 6 na nyuzi 12. Boksi linasema GHz 3.5, lakini ukifungua gemu inapanda hadi 4.4 bila wewe kugusa chochote. Ile kasi iliyokuwa imefichwa, ambayo babu zetu wa kompyuta waliikamua kwa mkono, siku hizi unauziwa ikiwa imeshakamuliwa.

Sasa piga hesabu. Umepambana wiki nzima, ukaitoa 4.4 ukaifikisha 4.6. Hiyo ni kama asilimia 4.5. Video iliyokuwa inachukua saa nzima kutoka itachukua dakika 57. Dakika tatu! Na hapo ni kama prosesa ndiyo iliyokuwa inachelewesha. Kwenye gemu mara nyingi siyo yenyewe, ni kadi ya grafiki. Mwenye kadi ya GTX 1650 na kioo cha Hz 60 anaweza kuipandisha prosesa mpaka ilie, kioo kitamwonyesha picha 60 kwa sekunde na basi.

Na dakika hizo tatu hazipewi bure. Ili chipu ikimbie zaidi bila kuganda, unaiongezea volti, na umeme inaokula unapanda kwa mraba wa volti hizo. Ukitoka volti 1.2 kwenda 1.4, ulaji umepanda kama asilimia 36 kabla hata hujaongeza kasi. Umeme wote huo unageuka joto. Staa wetu chumba chake kina kiyoyozi cha kulipiwa na wadhamini. Wewe uko chini ya bati, Februari, feni ya mezani inapuliza upepo wa moto, LUKU inasoma uniti nne. Hakuna feni wala mirija ya maji itakayoifanya prosesa iwe ya baridi kuliko chumba ilichomo. Kama chumba kina nyuzi 33, hapo ndipo unapoanzia kuhesabu.

Nirudi kwenye ile herufi K, maana hapa ndipo watu wanapigwa. K kwa Intel maana yake kufuli limetolewa. Lakini ili uitumie hiyo K unahitaji mazabodi ya familia ya Z, kama Z690 au Z790. Ukiipachika kwenye B660 au H610 inafanya kazi vizuri tu, ila kasi yake huipandishi. Kwa hiyo unalipia K, unalipia Z, unalipia kipoozeo kikubwa, na pawa saplai ya maana juu yake. Ukijumlisha gharama hizo zote za pembeni, mara nyingi ungeshapanda daraja na kupata chipu yenye kori nyingi zaidi isiyohitaji mbwembwe.

Kuna lingine la kuwa nalo macho. Mwaka 2024 Intel walikiri kuwa baadhi ya prosesa zao za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zinajipa volti nyingi kupita kiasi hadi zinachakaa na kuzimisha kompyuta ovyo. Wakatoa marekebisho ya BIOS na kuongeza waranti kwa miaka miwili. Marekebisho yanazuia tu, chipu iliyokwisha kuumia haiponi. Ukiona i9 ya kizazi hicho inauzwa mkononi kwa bei ya huruma, jiulize kwanza anayeuza anakimbia nini.

Halafu zile desktop za mtumba za ofisini zilizojaa Kariakoo, HP EliteDesk na Dell OptiPlex. Mashine ngumu, mimi nazikubali sana kwa kazi. Ila muuzaji akikwambia i5-4590 ya humo ndani inaovaklokika, mwangalie tu usoni. Prosesa ina kufuli, na BIOS ya ofisini haina hata ukurasa wa mambo hayo.

Basi tununue ipi? Mimi bado niko upande wa AMD kwenye soketi ya AM4, na siyo kwa ushabiki. Karibu Ryzen zote za desktop za soketi hiyo hazina kufuli, hulipii herufi ya ziada, na mazabodi ya B450 au B550 inakuruhusu kuchezea kasi. A520 na A320 hazikuruhusu, kwa hiyo soma maandishi ya kwenye boksi, usisome taa. Kama una kadi ya grafiki, chukua Ryzen 5 5600. Kama huna, na ndiyo hali ya wengi, chukua 5600G. Hiyo G ina grafiki ndani yake. Kila wiki kuna mtu ananunua 5600 ya kawaida, au Core i3-12100F, akifika nyumbani kioo cheusi, anarudi dukani kugombana. F kwa Intel maana yake hakuna grafiki ndani. Muuzaji hajamwibia, hakuulizwa tu.

Hiyo i3-12100F yenyewe ina kufuli na huiovakloki kwa njia ya kawaida, lakini kori zake 4 zina kasi nzuri na kwa gemu za bajeti, ukiwa na kadi, inakutosha kabisa. Ndiyo, namsifia mwenye kufuli kwenye makala ya kuovakloki. Nitukaneni tu.

Kasi ya bure iko kwenye RAM, sehemu ambayo hakuna staa anayeipiga picha. RAM ya DDR4 iliyoandikwa 3200, ukiichomeka tu, mara nyingi inakimbia 2133 au 2400 mpaka uingie BIOS ukawashe XMP. Kuna watu wamekaa nayo miaka mitatu hawajui. Na vijiti viwili vya GB 8 vinapishana mbali na kijiti kimoja cha 16, kwa sababu prosesa inapata njia mbili za kuchota data badala ya moja. Kwenye 5600G tofauti unaiona kwa macho, maana grafiki yake haina kumbukumbu yake, inakula humohumo kwenye RAM. Ukitaka kuovakloki kwa bajeti, anzia hapo. Baada ya hapo, grafiki ya 5600G nayo inaongezwa kasi kidogo, na kwenye gemu inaleta kitu kuliko kuhangaika na kori. Jua tu kwamba AMD wenyewe wanasema ukitoka nje ya viwango vyao waranti inaweza isikuhusu.

Kwa hiyo dogo wa Mbagala, orodha yako naipanga hivi. 5600G, kwa kuwa kadi huna na biti hazihitaji kadi. B450 au B550, hata iliyotumika, ila muuzaji aihakikishe BIOS yake ni ya karibuni, maana B450 za zamani haziitambui Ryzen 5000 mpaka zisasishwe. RAM vijiti viwili vya GB 8, XMP imewashwa. SSD, usinibishie. Chenji ikibaki, UPS ndogo, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya biti ambayo hujaisevu, ile GHz 5 ya staa haikurudishii hata kick moja.

Na ukienda dukani, mwambie aiwashe mbele yako, bonyeza Delete, ingia BIOS, soma jina la prosesa na kasi ya RAM kwa macho yako kabla hujatoa hela mfukoni. Akianza kusema ana haraka, au eti kioo kimeharibika, toka. Duka la pili kutoka pale wana hiyohiyo.