Kusubiri Ndege Siyo Kazi: Somo la Waverly Place

Vijana wenzetu, tuseme ukweli. Wengi wetu tunaishi kama abiria stendi. Biashara hatufungui, chama hatuandikishi, eti "kesi yangu iko mbioni, mimi nasubiri ndege." Mwaka unapita, wa tano unapita, bado tunasubiri. Sisi tunaona hiyo tabia inatumaliza.

Wenzetu waliohamishiwa Marekani walienda kutembea mtaa wa Wachina wa San Francisco, kwenye kibarabara kinaitwa Waverly Place. Ni kifupi tu, toka barabara ya Sacramento mpaka ya Washington. Wakatutumia picha: vibaraza vya ghorofani vina rangi nyekundu, kijani na njano, watalii wanapiga selfi. Chini kuna maduka, juu ofisi za vyama vya koo, na kwenye jengo moja, ghorofa ya juu kabisa, hekalu la Tin How, mungu wa kike wa wasafiri wa baharini. Tukajiuliza: hawa walijengaje yote haya? Labda walikuwa na makaratasi?

Hawakuwa nayo. Mwaka 1882 sheria ya Marekani iliwafungia mlango vibarua wa Kichina, na wahamiaji wa Kichina wakanyimwa haki ya kuomba uraia. Ilifutwa 1943. Katikati hapo, Aprili 1906, tetemeko na moto viliteketeza mtaa wote. Wakubwa wa mji wakaona ndiyo nafasi: tuwapeleke Hunters Point, pembeni kabisa. Si tunayajua maneno hayo? "Wakimbizi watoke mjini, warudi kambini."

Wachina wakakataa. Walionya kwamba wakifukuzwa, biashara na kodi zao zitahamia mji mwingine. Serikali ya China nayo ikapinga. Mpango ukafa. Halafu wafanyabiashara wao wakaajiri wasanifu wazungu wawajengee mapaa ya mtindo wa pagoda, ili wageni waje na mji uone faida ya kuwa nao. Kumbe urembo ule unaopigwa picha ulikuwa ngao.

Hatusemi ubaguzi ni kitu kizuri. Watu walibanana pale kwa sababu kwingine hawakukubaliwa kupanga. Na serikali zinazotupokea zisitumie mfano huu kutunyima vitambulisho. Tunachosema ni hiki: walijenga huku wakidai haki. Wong Kim Ark, kijana aliyezaliwa mtaani hapo, alizuiwa kuingia akirudi kutoka China, akaenda mahakamani. Mwaka 1898 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kuwa yeye ni raia. Vyama ndivyo vilivyokuwa vikichanga pesa za mawakili.

Ndugu zetu wa mashirika, kwa semina za ushonaji tunashukuru, vyeti tunavyo. Kinachotukwamisha ni leseni, mkataba wa kupanga fremu, na chama chetu kutambuliwa. Tushikeni mkono hapo. Na mkija kupiga picha soko letu, ulizeni kwanza lile banda ni la nani na analipa kodi kwa nani.

Na sisi vijana, mwenye kesi aifuatilie, lakini wiki hii tufungue daftari: nani anajua kazi gani, anaweza kuchangia ngapi kwa mwezi, mtoto gani hana cheti cha kuzaliwa. Ndege ikija, utaacha chama kinachowasaidia waliobaki. Isipokuja, na wewe utakuwa na pa kushika.