Siri ya Mgonjwa Ikivuja: Haki Ipo, Njia Ijulikane

Daftari la wagonjwa lilipokuwa la karatasi, siri ya mtu iliishi ndani ya kabati moja, na aliyetaka kuiiba alilazimika kuvunja kufuli. Leo siri hiyo husafiri. Mkazi wa Chemba au Bahi anayetibiwa Dodoma mjini huacha jina lake, namba ya simu, namba ya kitambulisho cha taifa na maelezo ya ugonjwa wake katika mfumo wa kompyuta. Kutoka hapo, sehemu ya maelezo hayo huweza kwenda kwa mfuko wa bima, kwa maabara, kwa kampuni inayotunza mfumo, na kwa nyingine inayotuma ujumbe mfupi wa kukumbusha tarehe ya kliniki. Kila kituo katika safari hiyo ni mlango. Mlango mmoja ukiachwa wazi, hasara humwangukia mtu ambaye hakuwahi hata kujua kwamba mlango huo upo.

Tanzania haikosi sheria juu ya jambo hili. Kinachokosekana ni watu kuijua, na haki isiyojulikana ni sawa na dawa iliyofungiwa stoo. Yapo mambo mawili yanayopaswa kusisitizwa. La kwanza, mgonjwa ambaye taarifa zake zimevuja mikononi mwa kampuni anazo njia za kudai haki, na mhudumu wa afya anapaswa kuzijua kiasi cha kuweza kumwelekeza. La pili, njia hizo zote hubaki butu endapo mgonjwa mwenyewe hataambiwa mapema kwamba taarifa zake zimevuja.

Wapo wanaodhani kwamba kuvuja kwa taarifa ni usumbufu wa wahasibu na mafundi wa kompyuta. Katika tiba, ni suala la uhai. Wapo watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao huipita zahanati ya kijijini kwao na kwenda kuchukua dawa mbali, ili tu wasionekane na jirani. Mtu wa namna hiyo akisikia kwamba orodha ya kliniki imeonekana mtandaoni, huenda asirudi tena. Akiacha dawa za kufubaza virusi, virusi huanza kuongezeka tena ndani ya wiki chache. Mgonjwa wa kifua kikuu anayekatiza matibabu ya miezi 6 hujiweka katika hatari ya usugu wa dawa, na huwaweka wa nyumbani kwake katika hatari ya kuambukizwa. Dodoma ni mji wa Mirembe, hospitali ambayo jina lake lenyewe hutumika mitaani kama tusi. Hakuna anayehitaji kuelezwa kwa kirefu maana ya jirani au mwajiri kujua kwamba fulani hutibiwa akili.

Finland ililiona jambo hili kwa uchungu. Kampuni ya tiba ya kisaikolojia iliyoitwa Vastaamo ilidukuliwa mwaka 2018, na kumbukumbu za mazungumzo ya maelfu ya wagonjwa na wataalamu wao zikaibwa. Wagonjwa hawakujua hadi Oktoba 2020, pale mhalifu alipoanza kuwatumia ujumbe mmoja mmoja, akidai fedha ili asichapishe siri zao. Mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya nchi hiyo iliitoza kampuni faini ya euro 608,000, na moja ya makosa yake ilikuwa kutotoa taarifa ya tukio kama ilivyopaswa. Kufikia hapo kampuni ilikwisha kufilisika. Maji yakimwagika hayazoleki, na mwenye kudai fidia kwa kampuni iliyofilisika huweza kushinda kesi akarudi nyumbani mikono mitupu.

Kwa upande wa Tanzania, msingi wa haki hii ni Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977, inayotambua haki ya faragha. Juu ya msingi huo ilitungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo iliunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua tarehe 3 Aprili 2024. Taarifa za afya zimewekwa katika kundi la taarifa binafsi nyeti, zenye ulinzi mkali zaidi kuliko jina au anwani. Anayekusanya taarifa, iwe hospitali, bima au kampuni, ndiye mwenye wajibu wa kuzilinda. Kumkabidhi mkandarasi kazi ya kuzichakata hakumwondolei wajibu huo.

Mgonjwa aliyeathirika afanye nini? Hatua ya kwanza ni kuandika. Aiandikie kampuni au kituo husika, aulize ni taarifa zipi zilizovuja, lini, zilimfikia nani, na hatua gani zimechukuliwa. Anayo haki ya kujua taarifa zake zinazoshikiliwa, na ya kutaka zirekebishwe au zifutwe pale sheria inaporuhusu. Nakala ya barua itunzwe pamoja na ujumbe wowote wa vitisho, picha za skrini, tarehe na namba za simu zilizotumika. Ushahidi huanza siku hiyo, si siku ya kumwona wakili.

Hatua ya pili ni malalamiko kwa Tume. Mlalamikaji hahitaji kuwa tajiri wala kuwa na wakili. Tume huchunguza malalamiko, na sheria imeweka muda wa siku 90 wa kukamilisha uchunguzi, unaoweza kuongezwa. Ikiona ukiukwaji, inaweza kumwamuru mkusanyaji arekebishe kasoro, na akikaidi, inaweza kumtoza faini isiyozidi shilingi milioni 100. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kufika Mahakama Kuu. Sheria inatambua pia haki ya fidia kwa mtu aliyepata madhara kutokana na ukiukwaji huo.

Hatua ya tatu ni polisi, pale panapokuwa na wizi, udukuzi au vitisho vya kudai fedha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa na kutoa taarifa za mfumo huo kwa asiyestahili. Sheria ya mwaka 2022 nayo inamtia hatiani anayefichua taarifa binafsi kinyume cha sheria: kwa mtu binafsi, faini ya hadi shilingi milioni 20 au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili, kwa kampuni, faini ya hadi shilingi bilioni 5. Aliyetishiwa asilipe. Kulipa hakumfungi mhalifu mdomo. Humfundisha tu kwamba mgonjwa huyo analipika.

Hatua ya nne ni mahakama. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa kuwa madhara ya mtu mmoja huonekana madogo mbele ya gharama za kesi. Ila kampuni ikivujisha taarifa za watu elfu moja, watu hao si lazima wafungue kesi elfu moja. Kanuni za mwenendo wa madai zinaruhusu, kwa idhini ya mahakama, watu wachache kushtaki kwa niaba ya wengi wenye maslahi yaleyale. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Muda nao usidharauliwe: madai ya madhara yasiyotokana na mkataba kwa kawaida yana ukomo wa miaka 3.

Ipo pia njia ya maadili ya taaluma. Endapo aliyefichua siri ni daktari au muuguzi, malalamiko yanaweza kupelekwa kwa Baraza la Madaktari Tanganyika au Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kwa majibu ya vipimo vya virusi vya UKIMWI, sheria maalumu ya mwaka 2008 inasisitiza usiri hata kabla ya zama hizi za mifumo ya kompyuta.

Wahudumu wa afya wasisome hayo kana kwamba yanahusu makampuni peke yake. Picha ya eksirei yenye jina la mgonjwa ikitumwa katika kundi la WhatsApp ili kuomba ushauri, hiyo ni taarifa nyeti iliyotoka nje ya kituo. Nywila moja inayotumiwa na zamu nzima huondoa uwezekano wa kujua nani alifungua jalada la nani. Kompyuta ya mapokezi inayowatazama waliopanga foleni ni dirisha lisilo na pazia. Marekebisho ya mambo haya matatu hayahitaji bajeti.

Linabaki suala zito kuliko yote, la kumwambia mgonjwa. Sheria ya Tanzania inamtaka mkusanyaji aijulishe Tume bila kuchelewa pale usalama wa taarifa unapovunjwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 inakwenda mbele kwa uwazi zaidi: Kamishna ajulishwe ndani ya saa 72, na mwenye taarifa naye ajulishwe kwa maandishi pale panapokuwa na hatari ya kweli ya madhara. Tanzania nayo ingefaa kuuweka wajibu huo wazi kwa taarifa za afya, na vituo vyenyewe visisubiri kulazimishwa.

Wasimamizi wengine hujibu kwamba kuwaambia wagonjwa kutazua taharuki na kuwafukuza kliniki. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, kwa sababu wagonjwa kweli huweza kukimbia. Lakini mwenye kuambiwa na daktari wake, kwa lugha ya staha, pamoja na maelezo ya nini kimetokea na wapi pa kulalamika, ana sababu ya kuendelea kumwamini daktari huyo. Mwenye kuambiwa na mhalifu usiku kwa ujumbe wa simu hana sababu hiyo. Katika tiba, habari mbaya haikuwahi kuwa kisingizio cha kunyamaza. Madaktari hufundishwa namna ya kuitoa.

Kwa hiyo kila hospitali na kila mfuko wa bima katika kanda hii uwe na mtu anayejulikana kwa jina lake, mwenye jukumu la kuwajibu wagonjwa kuhusu taarifa zao. Uwe na barua iliyoandaliwa tayari kwa Kiswahili chepesi, na katika mkataba na kampuni yoyote ya mifumo uwe na kifungu kinachoilazimisha kampuni kutoa taarifa mara moja inapogundua tundu. Bima ya afya kwa wote, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2023, itawaingiza mamilioni katika mifumo hii, wakiwemo wakulima na wafugaji wa vijiji ambavyo kompyuta ilikuwa ikisikika tu. Watu hao watatoa siri zao kwa kuwa wanahitaji tiba, na hawatakuwa na nafasi ya kuchagua. Asiyechagua ndiye anayestahili kulindwa zaidi, na ulinzi unaposhindikana, ndiye anayestahili kuambiwa kwanza.